Sarafu za José Martí zisisuguliwe

Mhariri,

Mwaka 1953 Kuba ilitoa sarafu za kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe José Martí, mshairi na mpigania uhuru aliyeuawa vitani Dos Ríos, nchini Kuba, tarehe 19 Mei 1895. Ile ya peso 1 ina uzito wa gramu 26.73. Asilimia 90 ni madini ya fedha, yaani gramu 24 na ushee.

Inatuuma kuziona zimesuguliwa kwa majivu au dawa ya meno. Weusi ule si uchafu. Ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani. Ukisugua unakwangua madini yenyewe. Sehemu zilizoinuka za uso wa Martí hulika kwanza, na thamani huporomoka. Vumbi litolewe kwa maji safi ya vuguvugu, kisha sarafu igandamizwe na kitambaa laini bila kufuta. Ishikwe ukingoni. Mifuko laini ya PVC, aina ya plastiki, isitumike, maana hutoa asidi inayoacha utando wa kijani.

Mnunuzi apime kwa mizani ya kidijitali, halafu aweke sumaku. Ikinata, si fedha. Isiponata, bado uzito ndio wa kuaminiwa zaidi, kwani hata shaba na risasi hazinati.

Wakusanyaji sarafu,
Dar es Salaam