Wito wa Harambee: Hadubini ya Utando wa Mwanga kwa Maabara Yetu ya Baiolojia

Ndugu wazazi, wahitimu na marafiki wa maabara, Asalaam aleikum.

Kamati ya wahitimu inawaomba kwa heshima mchango wa kujenga hadubini ya utando wa mwanga, chombo kinachopiga picha za seli zingali hai, tabaka kwa tabaka hadi ndani kabisa, bila ya kuziunguza. Hadubini tulizonazo humulika kielelezo (kile kitu kinachochunguzwa) kizima hata inapotakiwa picha ya tabaka moja tu, na yai la samaki linalotazamwa usiku kucha aghalabu huharibika kabla ya alfajiri. Katika chombo hiki, leza hupitishwa kwenye lenzi ya silinda ikatandazwa kuwa utando mwembamba unaoingia ubavuni, na kamera iliyokaa kwa pembe ya digrii 90 hupiga tabaka lile lile lililomulikwa. Kielelezo, kilichoshikiliwa na jeli ndani ya maji, husogezwa kidogo kidogo, kisha kompyuta huyapanga matabaka mpaka umbo likakamilika.

Watafiti wa EMBL, maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli iliyoko Heidelberg, Ujerumani, walionyesha uwezo wa njia hii kwa viinitete vya samaki mwaka 2004, na tangu 2013 michoro ya OpenSPIM, mradi wa wazi wa hadubini ya aina hii, hutolewa bure kwa anayetaka kujijengea. Ndiyo maana hatuombi bei ya chombo cha kiwandani, ambayo hatuiwezi.

Haja yetu ni ya hapa hapa Unguja. Nothobranchius guentheri, samaki mdogo wa madimbwi ya kisiwa hiki, hufa dimbwi likikauka, na mayai yake husubiri mvua ndani ya tope. Katika yai hilo seli za mwanzo hutawanyika moja moja juu ya kiini, kisha hukusanyika tena ndipo mwili uanze kujengeka. Safari hiyo haisomeki katika mayai yaliyouawa. Yataka kufuatwa seli zikiwa zinatembea.

Fedha zitanunua leza, lenzi, mota za kusogezea, diski za kuhifadhia picha na betri ya kukinga umeme ukikatika. Kamera ndiyo itakayokula fungu kubwa, nasi hatukubali kuibania, kwani mwanga unaorudi kutoka kwenye seli ni hafifu mno.

Ahadi na michango ipokewe na mhazini wa kamati, ambaye atakata risiti kwa kila shilingi, na hesabu ya manunuzi itabandikwa kwenye ubao wa idara. Fundi wa kuchonga chuma asiye na fedha naye anakaribishwa, maana kishikio cha kielelezo tutakichonga wenyewe.