Barua kwa mwanangu aliye Maskati: hela ya kiwanja usiitume bado

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, alhamdulillah. Presha ya baba yako imeshuka na anakwenda msikitini kwa miguu yake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Kila nikifika kwenye neno lenyewe unasema "mama, nimeshaelewa", na mimi najua hujaelewa. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Isome ukishatoka kazini, umekula, umetulia.

Ni hicho kiwanja cha Bweni, ng'ambo ya mto wetu wa Pangani. Usitume hela.

Sijasema usinunue. Nasema usitume hela mpaka karatasi zake zimepekuliwa na wewe mwenyewe umesimama juu ya hiyo ardhi. Picha aliyokutumia dalali ilipigwa maji yamekupwa. Unaona mchanga, unaona mto uko mbali, unaona minazi mitatu imeinama vizuri. Mimi nimevuka kwa pantoni siku ya bamvua, mwezi ulipoandama, nikakaa pale pale mpaka maji yakajaa. Mto ulikuja, mwanangu. Uliingia kwanza kwa ule mfereji wa upande wa mikoko, taratibu, kisha maji yakaanza kutokea chini kwenye mashimo ya kaa, kila shimo likitoa povu lake, mpaka nusu ya kiwanja chako ikawa maji. Bikoni moja ya mpaka, ile yenye rangi nyekundu mbichi, ilibaki kichwa tu. Kwenye shina la mnazi wa kati kuna alama ya tope, na alama hiyo iko juu ya goti langu. Palipokauka udongo una weupe. Nimeonja, ni chumvi.

Sasa hapo ndipo unapotaka kujenga nyumba ya wageni.

Mto huu siyo ule waliotusimulia wazee. Maji yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanashikwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, yanamwagilia mashamba ya watu huko juu, yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani Falls, na kinachobaki ndicho kinachotufikia sisi wa mwisho. Mto ukikosa nguvu bahari inapanda ndani. Ndiyo maana minazi ya kando inakufa kuanzia kileleni, na visima vilivyokuwa vitamu siku hizi havinyweki. Wageni wako wataoga maji gani? Utayaleta kwa boza kila siku? Hilo umelipigia hesabu? Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye mwenye hesabu katika nyumba hii, tangu ulipokuwa darasa la tatu, na sikuwahi kukuona ukipiga hesabu nusu.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga na shughuli nyingine za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Baba yako ametembea kwa hatua kutoka pale maji yanapofika. Ukitoa hizo mita 60 kinachobaki ni kipande kisichotosha hata jiko la hiyo nyumba ya wageni. Na ile mikoko ya pembeni, ambayo dalali amekwambia utaikata upate "mandhari", ni msitu wa hifadhi. Haikatwi bila kibali. Wapo watakaokuonyesha majumba yaliyojengwa pale pale ukingoni. Yapo, nayaona kila siku. Lakini mwenye jumba lile ana wakili wake na hela ya kupoteza, wewe una mkeo na watoto wawili.

Najua kinachokukimbiza. Ni daraja. Hata sisi linatufurahisha, nani asiyechoka kusubiri pantoni na mgonjwa mkononi usiku? Urefu wake mita 525 kuvuka mto, na barabara ya lami kutoka Tanga kuja kwetu mpaka Saadani na Bagamoyo. Ni heri, na Inshallah watoto wako watavuka kwa miguu. Ila tangu nguzo zianze kusimama majini kila mwenye simu hapa amekuwa dalali. Vijana waliokuwa wanapanda minazi kwa ujira sasa wanatembea na mafaili kwapani. Bei ya asubuhi siyo ya jioni. Na anayekwambia "wahi, kuna Mzungu anakitaka" anayo maneno hayo hayo kwa watu wengine wanne. Daraja halihami. Likiisha litakuwa pale pale, na ardhi nzuri itakuwepo kwa anayeijua.

Hilo la shamba letu la Mwera lililouzwa silirudii. Dole gumba lilikwishawekwa, wewe ulikuwa mdogo, na ada yako ya sekondari ilitoka hapo hapo. Ninachosema ni kwamba karatasi ile hakuna aliyeisoma kwa sauti mbele ya watu. Yako isomwe.

Nimeuliza ni nani anayekiuza. Ni mtoto mmoja wa marehemu, yule mdogo. Nduguze wako Tanga, wako Dar, dada yao mmoja yuko Unguja. Mauziano yoyote ya mali ya marehemu yanamtaka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake. Mwambie dalali akuonyeshe barua hiyo. Akianza kukwambia "hao wengine wameshakubali kwa mdomo", kata simu. Warithi wanaokubali kwa mdomo ndio wanaofika na panga siku unamwaga zege. Wewe utakuwa Maskati, mwenye kusimama mbele ya panga ni baba yako.

Na minazi ile ina mwenyewe. Hili dalali hakulijua kwa sababu si mtu wa huku. Kwetu udongo unaweza kuwa wa huyu na mti ukawa wa yule, na pale minazi miwili kati ya mitatu ilipandwa na watu wengine kabisa. Nimemkuta mjukuu wao anaangua. Nikamuuliza kama amesikia kinauzwa, akacheka, akaniambia, "Bibi, hicho kinauzwa kila mwaka."

Liko pia jambo la njia. Katikati ya kiwanja hicho kuna kinjia chembamba, kwenye picha hakionekani. Ndiyo njia ya wanawake wanaoshuka mtoni kutanda uduvi. Nilipokuwa nimekaa walipita, kanga zimelowa mpaka kiunoni, ndoo kichwani, kila mmoja akanisalimia na kuuliza hali ya baba yako. Mmoja alifungua ndoo akanipimia uduvi kwenye kawa, akakataa hela. Watu hao ndio unaotaka kuwawekea ukuta. Utajenga, utaweka geti na mlinzi, na sheria itakuwa upande wako labda. Lakini siku mimi nitakapofariki wao ndio watakaovuka kuja kupika kwenye msiba. Mji huu ni mdogo. Mtu hanunui udongo peke yake, ananunua na majirani. Nakuomba uliweke hilo kwenye hesabu zako, japo dalali hana pa kuliandika.

Ukitaka kununua kwa njia iliyonyooka, anza na serikali ya kijiji. Kama ni ardhi ya kijiji, sheria ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Siyo muhuri wa mwenyekiti peke yake, uliogongwa gizani nyumbani kwake. Waulize majirani wa mipaka yote minne, wasaini wenyewe. Uliza kama eneo halimo ndani ya hati ya shamba la zamani, kwa sababu ng'ambo ile ardhi imeshapita mikono mingi. Mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa Kikokwe, huku huku Pangani, mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika safarini, na mashamba makubwa ya wageni yakafuata nyuma yake. Unaweza kumkuta mtu analima mahali miaka thelathini, kumbe kwenye ramani ya mkoa pana jina la mwingine. Kama wanakwambia kina hati, namba ya hati ipelekwe ofisi ya ardhi Tanga ipekuliwe. Mtafute wakili wako mwenyewe, siyo wa dalali. Mpwa wa shangazi yako anafanya kazi kwa wakili mmoja pale Tanga, ameniambia upekuzi hauchukui muda mrefu wala gharama yake haitishi. Ikishindikana kabisa, subiri viwanja vilivyopimwa na halmashauri. Havina mto wala minazi mitatu, lakini vina namba, vina ramani, unalipia, unapata hati yako unalala usingizi.

Hayo yote utayafanya ukija likizo. Siyo kabla. Usitume hata "kishika uchumba" anachokuomba. Hiyo milioni moja ya kushika ndiyo watu wanayolia nayo hapa, maana ikishaingia mtu anaona aibu kuirudisha nyuma, anaongeza ya pili ili aokoe ya kwanza.

Sasa nikwambie lililoniuma. Binamu yako wa Dar alijua habari hii kabla yetu. Mimi nimeipata kwake, kwenye arusi, mbele za watu, anadhani najua. Nikatabasamu. Una mama na baba wanaokaa dakika kumi kutoka kivukoni, ukaenda kumuuliza mtu anayekaa Tegeta hali ya ardhi ya Bweni. Labda uliona nitakukataza. Ni kweli sauti yangu huwa inapanda, baba yako ananiambia. Lakini usinifiche kwa ajili ya sauti.

Na mkeo je, anajua? Nilimwuliza kwa kuzunguka, akanitazama tu. Mwanangu, jina lake liwe kwenye karatasi pamoja na lako. Yeye ndiye anayelea wanao miaka yote hii huku wewe uko huko. Nimeona hapa wajane wakitolewa kwenye nyumba walizobebea maji ya kufyatulia matofali, kwa sababu karatasi ilikuwa na jina moja. Nikiwa hai nitamtetea. Nikiwa sipo, karatasi imtetee.

Usidhani sioni ulichofanya. Hela hiyo umeitafuta juani. Najua joto la huko mpaka serikali yao imezuia kazi za nje mchana kuanzia Juni mpaka Agosti, na najua wewe unafungua ghala kabla hata ya alfajiri. Watu wananisimamisha sokoni wanasema kijana wako ameweza. Mimi huitikia alhamdulillah nikaendelea na safari yangu, ila moyoni nakuombea mpaka nyanya zinanipotea kwenye kikapu. Ndiyo sababu siwezi kuiona hela hiyo ikienda kwenye maji ya bamvua. Usitume.

Nyumba hii ya mjini nayo uikumbuke. Plasta ya upande wa mtoni inabanduka, chokaa haishiki tena kwa ajili ya chumvi, na boriti mbili za chumba cha bibi yako zina mchwa. Juzi alikuja mtu na gari kutoka Arusha, anataka mlango wetu wa nakshi. Aliupapasa maua yake, akapiga picha bawaba, akataja hela nyingi mbele ya mdogo wako, mtoto akatoa macho. Nyumba mbili za mtaa huu zimeshauza yao, sasa zimewekewa mbao za kawaida na kufuli. Baba yako amekataa. Lakini kukataa hakutengenezi boriti. Nadhani, na hili ulifikirie, kwamba nyumba yenye mlango kama huu, mita chache kutoka gati, ina vyumba vitatu vitupu, maji ya bomba na majirani wanaokujua, inaweza kulaza wageni kabla hujanunua tope la mtu. Bati la jiko lingetakiwa libadilishwe kwanza, masika linavuja juu ya mafiga. Fundi amesema bati kumi na mbili na misumari, kazi yake tutaelewana. Huhitaji dalali kwa hilo.

Mdogo wako yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba. Hesabu zinamsumbua. Mpigie Ijumaa umwelekeze, wewe anakusikiliza, sisi tunamkera. Viatu vyake vimebana, sasa anavaa namba 40. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja ni wa mwanao wa kiume kama ulivyoahidi, nimeshamfunga kamba ya kijani asije akachanganywa. Ukinunua dawa za baba yako huko angalia tarehe, safari iliyopita zilikuwa zimebakiza mwezi. Mkeka aliouagiza mkeo umekwisha, ukindu wake mzuri, nitampelekea Jumamosi.

Dalali akikupigia tena mpe namba ya baba yako, mwambie mazungumzo yote ni kwake, na barua ya mirathi aje nayo mkononi. Ukipiga simu, piga baada ya isha, mchana niko shambani na mtandao ni wa kutafuta. Kabla ya Ijumaa nataka nisikie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hujatuma.

Wassalaam,
Mama yako