Fedha za redio za dharura Lamu zijenge kwanza vituo vya kudumu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalorudi kila boti inapozama au barabara inapokatika huku kwetu Lamu: wito wa kununua redio za mkono na kuwagawia manahodha, wazee wa mitaa na vijana wa kujitolea. Nia ni njema. Lakini redio ya mkono isiyo na kituo cha kuipokea haina wa kuzungumza naye, na haichukui muda inalala kabatini betri imekufa. Fedha zikipatikana, ziende kwanza kwenye vituo vinne: mjini Lamu, Faza, Mpeketoni na Kiunga, viendeshwe na watu wa kujitolea wenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya mawasiliano ya watu binafsi isiyo ya biashara.

Simu ikiwapo, itumike. Tatizo ni siku ambayo haipo. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilifunika barabara ya Lamu hadi Garsen kwa maji, na barabara ikifungwa, mafuta ya jenereta za minara ya simu nayo hukwama njiani. Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Redio ya ridhaa haipitii kwa mtu wa tatu. Ukiwa na redio, betri na antena, na mwenzako akiwa navyo, mnaongea.

Hesabu ya umbali ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa hiyo niieleze. Mawimbi ya VHF, yale ya megahezi 144 hadi 146 tuliyotengewa sisi wa ridhaa, husafiri karibu na mstari ulionyooka na kukomea kwenye upeo wa macho. Chukua urefu wa antena kutoka ardhini kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1: hizo ndizo kilomita za upeo wake. Mtu aliyesimama pwani na redio ya mkono kimo cha mita moja na nusu ana kilomita 5. Wawili wa namna hiyo wana 10, kukiwa wazi kabisa. Ndani ya vichochoro vya mtaa wa Mkomani mjini Lamu, katikati ya kuta nene za mawe ya matumbawe, hawazifikii hata hizo. Kutoka mjini hadi Faza ni kilomita 30 na ushei kwa mstari wa ndege. Milingoti miwili ya mita 9 inafika 25, kwa hiyo haitoshi. Miwili ya mita 16 inafika 33, yaani imegusa tu. Ndiyo maana nasema mlingoti kwanza, redio baadaye. Nguzo ya mvinje iliyofungwa juu ya paa la ghorofa hupunguza gharama sana, mradi iwe na kamba tatu za kuikaza na mwenye nyumba awe ameridhia kwa maandishi.

Antena yenyewe si ya kuagiza ng'ambo. Vyuma vitano vya shaba nyeupe vya kuchomelea, kila kimoja sentimita 49, na soketi moja ya antena: kimoja kisimame wima katikati, vinne viinamishwe chini kwa nyuzi 45. Fundi akitumia chuma cha kawaida, chumvi itakila. Waya wa antena nao una siri yake. Ule mwembamba wa RG-58 ni rahisi, lakini mita 20 zake hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu katika masafa haya. Ule mnene wa RG-213 hupoteza theluthi tu. Afadhali redio ya wati 25 yenye waya mnene kuliko ya wati 50 yenye waya mwembamba, kwa sababu waya mnene hukusaidia hata kusikia, na betri inadumu.

Wengi hupendekeza repita, ule mtambo wa juu unaopokea na kurusha tena. Naona tungoje. Repita hurahisisha kazi hadi watu wanasahau kuongea bila yake, na siku inapozima, kikundi kizima huzima nayo. Tujifunze kwanza kuongea redio kwa redio, bila mtambo wa kati.

Kiunga iko karibu kilomita 90 na VHF haifiki. Hapo tunahitaji megahezi 7, na waya ulalao chini kiasi ili mawimbi yaende juu angani kisha yarudi chini huku huku kwetu. Hapa ndipo hata wajuzi hukosea: huupandisha waya juu kabisa ya minazi wakidhani juu ni bora, kisha wanasikia nchi za mbali na Kiunga hawaisikii. Kimo cha mita 4 au 5 kinatosha. Urefu wote wa waya ni 143 ugawanye kwa megahezi, kwa 7.1 unapata mita 20.1, yaani kama mita 10 kila upande wa katikati, pale unapoungwa waya wa kwenda redioni. Kata 10.3 kwanza, pandisha, pima kwa mita ya SWR, inayoonyesha antena inavyolingana na redio, kisha punguza. Kipimo kikiwa kizuri zaidi chini ya masafa unayotaka, waya ni mrefu. Kutoa sentimita 10 kila upande husogeza masafa kama kilohezi 70. Waya wa umeme wa nyumba wa milimita mraba 2.5 unafaa, na vipande vya bomba la plastiki huwa vizuizi vya umeme kwenye ncha. Ukifunga ncha kwenye mnazi, usiikaze. Pitisha kamba kwenye kapi na uning'inize dumu la lita 5 lenye mchanga, lipande na kushuka mti unapoyumba. Bila hivyo, kusi ya kwanza yenye nguvu itaukata.

Jua likizama, megahezi 7 mara nyingi huacha kurudi karibu, kwa hiyo uwepo pia waya wa megahezi 3.7, mita 38 na kidogo. Masafa ya 3.760 na 7.110 ndiyo yaliyokubaliwa na vyama vya redio vya ukanda wetu kuwa vitovu vya mawasiliano ya dharura. Mazoezi yetu tuyafanye kando ya masafa hayo.

Umeme ndio unaoangusha vikundi vingi. Redio ya VHF ya wati 25 hula kama ampea 6 ikirusha na nusu ampea ikisikiliza. Ikirusha sehemu moja ya kumi ya siku, saa 24 zinataka 25Ah, yaani ampea-saa 25 za betri. Ile ya megahezi 7, wati 100, hula ampea 20 ikirusha. Ikifunguliwa robo saa tu kila saa, nayo ikirusha sehemu moja ya kumi ya muda huo, inaongeza 18Ah hivi. Jumla ni 43Ah kwa siku. Betri ya maji ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ni 100Ah, tena ile ya sola, si ya gari, ambayo sahani zake nyembamba hufa haraka ikishushwa mara kwa mara. Paneli moja ya wati 100 kwa saa tano za jua zuri hurudisha 27Ah, kwa hiyo ziwe mbili.

Kisha tazama waya unaotoka betri kwenda kwenye redio. Fundi akitumia waya wa milimita mraba 1.5 kwa umbali wa mita 3, ampea 20 zikipita hupotea volti 1.4 njiani. Betri ina 12.4, redioni zinafika 11, redio inajizima kila ukibonyeza kitufe cha kuongea. Watu hulaumu betri, wananunua nyingine, na tatizo libaki palepale. Waya wa milimita mraba 6 hupoteza thuluthi moja ya volti tu. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na redio, maana waya ukikwaruzika katikati ndiko moto unakoanzia, na mapaa ya makuti tunayajua.

Mambo mengine mawili ya umeme. Chaja nyingi za sola za bei rahisi hutoa mvumo kwenye megahezi 7, basi ichomoe unaposikiliza. Na betri ya kituo isichaji simu za mtaa wala kuwasha televisheni ya mpira. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu siku ya dharura ndiyo betri hukutwa tupu.

Chumvi ya hewani hupenya kwenye maungio ya waya hata yasipolowa mvua. Kila ungio la nje lizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, juu yake utepe mweusi wa kawaida, na waya uachwe ukipinda chini kabla ya kuingia nyumbani ili maji yadondokee hapo. Ukifungua ungio ukaona nyuzi za ndani zimegeuka kijani au nyeusi, usipanguse; kata hadi ufikie shaba inayong'aa. Ukaguzi ufanyike mara mbili kwa mwaka, kusi inapoisha na kaskazi inapoisha.

Sasa ujumbe wenyewe, ambao kwangu ni muhimu kuliko vyuma vyote hivi. Ujumbe wa dharura huandikwa kabla ya kusomwa hewani, kwenye kitabu cha nakala chenye karatasi ya kaboni: namba yake, uzito wake (dharura, haraka au kawaida), kituo, saa, tarehe, idadi ya maneno, unakwenda kwa nani, maneno yasiyozidi 25, na jina la aliyeutoa. Mpokeaji naye huandika, huhesabu maneno, na hesabu isipolingana husomewa tena. Tarakimu hutamkwa moja moja. Abiria 11 ni "moja, moja".

Saa iandikwe kwa tarakimu nne, na hili lisilegezwe. Sisi tukisema saa mbili usiku ni 20:00. Mtu wa kituo cha Mombasa aliyezoea saa ya Kizungu akiandika 02:00, au 14:00, tofauti ni saa sita. Saa sita ndiyo takriban muda wa maji kutoka kujaa hadi kupwa. Boti ya uokoaji iliyopangiwa kupita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakiwa tele itaukuta mkono wa bahari umekauka. Basi tunasema, "saa mbili, sufuri, sufuri, sufuri", kisha tunataja "saa mbili usiku" kwa uthibitisho.

Mahali nako kuna mtego. Simu hutoa mahali ulipo hata bila mtandao, lakini nyingine huonyesha nyuzi na desimali, nyingine nyuzi na dakika. Nyuzi 2.10 si nyuzi 2 dakika 10: tofauti ni dakika 4, yaani kilomita 7 na zaidi baharini. Ujumbe useme wazi, mfano: "Boti, abiria moja moja, injini imekufa, nyuzi 2 dakika 10 kusini, nyuzi 41 dakika 10 mashariki." Neno "kusini" lisiachwe.

Redio ya ridhaa husikika na kila mwenye kipokezi, na sheria za kimataifa zinatukataza kuficha maneno kwa mafumbo. Kwa hiyo jina la mgonjwa halisemwi hewani. "Mjamzito mmoja, anahitaji boti kutoka Faza" inatosha.

Kituo kiwe na watu watatu angalau, wa zamu za saa nne, na mmoja wao wakati wa zamu awe mwandishi tu. Asiye na leseni haongei, ila anaweza kuandika, kupeleka ujumbe hospitali, kuchaji betri na kusimamisha mlingoti. Ningependa kuona walimu, mafundi wa sola, wauguzi wa zahanati na wanachama wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), na kina mama wengi, kwa kuwa wanaume wengi huwa baharini saa hizo hizo tunazowahitaji. Zoezi ni kila wiki kwa nusu saa, siku isiyogongana na Ijumaa, na Ramadhani liwe baada ya tarawehe. Mara moja kwa mwezi swichi kuu izimwe kabla ya kuanza.

Manahodha wasidhani haya yanachukua nafasi ya redio ya baharini. Chaneli 16, megahezi 156.8, inabaki kuwa ya kwanza kwa chombo kilicho taabani, na inasikilizwa na wenye uwezo wa kutuma boti. Sisi ni kiungo kati ya kisiwa na kisiwa, na kati ya visiwa na bara.

Na kabla ya mlingoti wowote, karatasi. Leseni na alama ya mwito, yaani jina la kituo hewani, inayoanza na 5Z4, hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Katika kaunti yenye hali ya usalama kama yetu, mtu kukutwa na redio bila leseni ni kujitafutia makubwa, na kijana wa kujitolea hastahili kuingizwa humo. Ofisi ya kamishna wa kaunti, polisi, Walinzi wa Pwani na Msalaba Mwekundu wapewe orodha ya wanachama, masafa na mahali pa vituo, na iandikwe ni nani mwenye mamlaka ya kutuita. Bila kuitwa, kikundi hakiendi kwenye tukio; kinakaa kituoni kinasikiliza.

Ninaiomba serikali ya kaunti na wafadhili waanze na vituo viwili, mjini na Faza, na bajeti iwe na fungu la kubadilisha betri kila baada ya miaka mitatu au minne. Mapendekezo mengi niliyoyasoma hayana fungu hilo.

Mwendeshaji wa redio ya ridhaa,
Mkomani, Lamu