Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Somalia: Msituhesabu kwa koo huku ughaibuni

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka London. Mimi ni Mbarawa, mtu wa mji wa Barawa katika pwani ya kusini ya Somalia, na Chimiini chetu ni Kiswahili cha upande ule wa pwani, kwa hiyo usishangae barua hii kukufikia kwa lugha hii. Mwaka 1991, serikali ya Rais Siad Barre ilipoanguka, wanamgambo wa koo mbalimbali walipokezana Barawa kana kwamba wanapokezana zamu, na kila kundi lililoingia lilipora kile kilichosahauliwa na waliotangulia. Sisi hatukuwa na jeshi. Tulipanda mashua tukashukia Mombasa, tukakaa katika kambi ya wakimbizi ya Benadir, kisha tukatawanyika hadi Uingereza na Marekani, tukidhani vita tumeviacha nyuma.

Vilikuja nasi. Msomali akikutana na Msomali mwenzake huku, swali la ukoo hutangulia la kazi, ingawa siku hizi huulizwa kwa adabu: "Nyumbani hasa ni wapi?" Jibu lako ndilo litakaloamua utaingizwa katika kundi gani la WhatsApp na utachangia msiba wa nani. Siubezi mchango wa ukoo, ule tunaouita qaaraan, maana ndio unaozika maiti zetu na kulipia wagonjwa wetu kule nyumbani. Tatizo ni kwamba mkono unaokusanya fedha za sanda ndio huo huo unaoombwa fedha za risasi.

Mapigano ya Las Anod, kati ya majeshi ya Somaliland yenye makao Hargeisa na wapiganaji wa ukoo wa mji huo, yalipoanza Februari 2023, wazee wawili katika mkahawa ninapokunywa chai, mmoja wa Hargeisa na mwingine wa Las Anod kwenyewe, ambao kwa zaidi ya miaka kumi walikuwa wakila wali katika sinia moja, walihamia meza tofauti kabla wiki haijaisha. Kila mmoja alikuwa na daftari lake la michango. Wa Hargeisa alikumbusha jinsi ndege za serikali yao wenyewe, ile ya Siad Barre, zilivyoushambulia mji wake mwaka 1988. Wa Las Anod alionyesha kwenye simu picha za nyumba ya dada yake iliyobomolewa kwa mizinga. Sikuona mwongo kati yao. Mwenye mkahawa alizima televisheni kwa miezi kadhaa. Sasa ameiwasha tena, lakini meza bado ni mbili.

Ugomvi wa wazee ningeuvumilia, Mheshimiwa. Ninachoshindwa kukivumilia ni kuona wenye vyeo wakija kuupigia muhuri. Miaka michache iliyopita ujumbe kutoka nyumbani, ambao sitautaja, ulikuja kuonana na jumuiya yetu. Mlangoni niliulizwa nimeletwa na mzee gani. Nilipojibu kwamba nimekuja mwenyewe, kijana mwenye orodha alishuka kwa kidole hadi chini kabisa ya karatasi, penye neno "wengineo", kisha akanionyesha kiti nyuma ya nguzo. Nilimsikia msemaji, lakini hadi mkutano unakwisha sikuuona uso wake.

Naelewa orodha ile ilitoka wapi. Mwaka 2000, katika mkutano wa amani kule Arta, Djibouti, koo nne kubwa zilipewa fungu moja moja la viti vya bunge na sisi tuliobaki tukaachiwa nusu, na huenda bila hesabu hiyo ya nne na nusu bunge lisingepatikana. Lakini ilikuwa hesabu ya viti vya bunge. Nani aliyeamua kwamba itumike pia kumpangia muuguzi wa London kama mimi mahali pa kukaa? Ibara ya 11 ya Katiba ya Muda, kama ilivyopitishwa 2012, ilisema raia wote ni sawa bila kujali ukoo, na hata lahaja ilitajwa humo.

Ombi langu ni kwamba ziara yako ijayo huku itangazwe kwa wote, si kupitia wazee wa koo, na kwamba ukiwa jukwaani useme waziwazi, mbele ya wenye madaftari, kuwa serikali haitaki fedha za vita kutoka kwa ukoo wowote, ukiwemo ule unaoiunga mkono. Ukumbi wa msikiti wetu unachukua watu mia mbili, na tuko tayari kuutoa bila malipo. Anayewahi akae mbele.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mbarawa, mkazi wa London