Kwa Naibu Mkuu wa Chuo, Taaluma: tusahihishiwe njia, si namba ya mwisho tu

Ndugu Naibu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo.

Matokeo ya testi ya pili ya Usimamizi wa Fedha yamebandikwa. Karatasi zenyewe hatujarudishiwa. Ipo orodha ya namba za usajili na alama mbele yake, basi. Ma-CR (wawakilishi wa darasa) wetu wameshalifikisha suala hili idarani zaidi ya mara moja, na kwa kuwa UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakaribia nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, tena hadharani, kwa sababu najua hapa Dar es Salaam wapo wanafunzi wa vyuo vingine wenye kilio hiki hiki.

Mwenzetu mmoja alifuatilia hadi akaonyeshwa karatasi yake ofisini. Swali lilikuwa la alama 15: mtu ananunua bajaji kwa shilingi 10,000,000, inamwingizia 5,000,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, gharama ya mtaji ni asilimia 10, tafuta NPV (thamani ya leo ya fedha zitakazoingia, ukitoa mtaji) kisha mshauri anunue au asinunue. Jibu la mwongozo wa usahihishaji ni 2,430,000. Yeye alipata 2,610,000. Alipanga fedha za kila mwaka vizuri, akatumia jedwali sahihi na kiwango sahihi, ila mwaka wa pili badala ya kipunguzo (namba ya kugeuza fedha ya baadaye kuwa thamani ya leo) cha 0.826 akaandika 0.862. Tarakimu mbili zimepishana. Kuanzia hapo kila alichozidisha, alichojumlisha na alichotoa kilikuwa sawa kwa namba aliyokuwa nayo, na ushauri wake wa mwisho, kwamba mradi ukubaliwe, ndio ule ule wa mwongozo. Alikuta mstari mwekundu umepita juu hadi chini, na sifuri kwenye duara.

Sifuri ile inasema kwamba binti huyu hajui NPV ni nini, wakati karatasi inaonyesha anajua. Kosa lake ni la kunakili, na linastahili kukatwa alama mbili, hata tatu. Akikatwa zote 15, yeye na yule aliyeacha ukurasa mtupu wanakuwa kitu kimoja.

La IRR (kiwango kinachofanya NPV iwe sifuri) ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu pale hata asiyekosea anakosa. Tunafundishwa kuikadiria kwa kuchagua viwango viwili, kimoja kinachotoa NPV chanya na kingine hasi, halafu kutafuta kwa uwiano kiwango kilichopo kati ya hivyo viwili. Kwa bajaji ile ile, ukichagua asilimia 20 na 25 unapata kama 23.4. Ukichagua 10 na 30 unapata kama 24.5. Wote wawili wamefuata kanuni. Tofauti inatokana na njia yenyewe: kadiri viwango vinavyoachana ndivyo makadirio yanavyosogea mbali na jibu halisi. Swali halikutupangia viwango vya kutumia. Sasa anayesahihisha akishika mwongozo wenye 23.4 na kukata kila kisichofanana nayo, anakuwa ameadhibu uchaguzi ambao swali liliuruhusu. Kama idara inataka viwango vilivyokaribiana, na ni jambo zuri kutaka hivyo, basi iandikwe kwenye swali.

Najua wahadhiri wetu wamezidiwa. Darasa halitoshi viti, wengine tunaandika tumesimama karibu na dirisha, na rundo lote la karatasi linamsubiri mhadhiri mmoja na wasaidizi wake. Sisemi kwamba wanafanya kwa chuki. Lakini dawa ya wingi wa karatasi ni mwongozo uliogawanywa. Alama 15 zinaweza kukaa hivi: tatu za kupanga fedha za kila mwaka, nne za vipunguzo, nne za kuzidisha na kujumlisha, mbili za kutoa mtaji, mbili za ushauri. Msahihishaji mwenye mgawanyo huo mezani hahitaji kukuna kichwa. Anaona hatua ipo, anatia vema, anaendelea. Na wasaidizi watatu wakigawana rundo, watasahihisha kwa kipimo kimoja, jambo ambalo leo halipo.

Tena namba ya mwisho ndiyo rahisi kuibwa. Kwenye ukumbi uliobanana unachungulia 2,430,000 kwa jirani mara moja tu. Njia nzima huwezi kuichungulia.

Na huko tunakokwenda, benki au kwenye kampuni za bima, kuzidisha kunafanywa na Excel. Anachotakiwa kujua ofisa mikopo ni kipi kiingie kwenye hesabu na kipi kisiingie: kwamba uchakavu wa bajaji si fedha inayotoka mfukoni, kwamba pesa iliyokwishatumika kufanya utafiti hairudi hata mradi ukiachwa. Hayo yote yamo kwenye hatua. Kusahihisha jibu la mwisho peke yake ni kuacha kupima kile hasa ambacho ada zetu zimelipiwa.

Baraza la Mitihani, NECTA, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikionyesha swali lilitaka nini, wengi walikosea wapi na kwa nini. Wengi wetu tulizisoma tukijiandaa na kidato cha sita. Ikiwa mtihani wa nchi nzima unaweza kuelezwa hivyo, darasa moja la fedha linashindwaje?



Madhara ya kusahihisha namba ya mwisho tu si madogo. Chuoni kwetu koswek (alama za testi na kazi za muhula) ni 40 na UE ni 60, na asiyefikisha 16 kwenye koswek haruhusiwi kukaa UE. Yule mwenzetu ana 14. Testi ile ilikuwa ya alama 50 na inachangia 15 kwenye koswek. Angepewa 12 kwa swali lile, angeongeza 3.6 na kufika 17.6. Kwa sasa anahesabiwa kuwa hana sifa ya kuingia kwenye mtihani wa somo analolijua, na nyumbani kwao Mbagala wanaamini kwamba amefeli.

Kwa hiyo naomba, kabla ratiba ya UE haijabandikwa, maswali ya NPV na IRR ya testi ya pili yasahihishwe upya kwa mwongozo wenye mgawanyo wa alama, mwongozo huo ubandikwe ubaoni, na karatasi zirudishwe mikononi mwetu. Aliyelipia rufaa na ikaonekana alionewa, arudishiwe fedha yake. Wanaobaki chini ya 16 baada ya hapo tutawasaidia wenyewe kwenye makundi ya kusoma, na hatutakuja tena ofisini kwako kwa hilo.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Benki na Fedha
Dar es Salaam