Mtoto mwenye usonji hajarogwa

Mhariri,

Mjukuu wangu ana miaka 6. Ukimwita hageuki, lakini mpe korosho ghafi akae mkekani: atazipanga mstari mmoja ulionyooka, na ukigusa moja tu atalia hadi ajigonge kichwa ukutani. Hapa Newala tuliambiwa karogwa. Fedha ya msimu mzima (nakiri kwa aibu) ikaishia kwa mganga.

Daktari ndiye aliyetuambia ni usonji, yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti. Si uchawi, wala si kosa la mama yake, ambaye amesimangwa vya kutosha. Dawa ya kuuondoa haipo, ila mtoto akianza mapema kufundishwa kuwasiliana, husogea. Wetu tulimchelewesha.

Kliniki kina mama hupanga foleni, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, kadi inajazwa, basi. Wahudumu waulize pia: anaitika jina? Ananyooshea kidole anachokitaka? Shule iliyomkataa mjukuu wangu siitaji, lakini mwalimu aliyesema "mpelekeni kwa wenzake" angetuambia basi hao wenzake wako wapi.

Bibi msomaji,
Newala, Mtwara