Barua kwa mama, Mikindani

Berlin

Mama, shikamoo.

Natumai goti limetulia na kipupwe cha mwaka huu hakikusumbui sana. Sisi huku hatujambo, wajukuu zako wanakusalimu. Tiketi nimeshakata. Tunakuja Julai shule zikifungwa, na tutakaa wiki tatu. Lakini kabla hujaanza kuwatangazia watu, nisikilize kwanza.

Safari iliyopita tulikaa kwako siku 19, na watoto waliingia baharini mara mbili tu. Asubuhi wageni, mchana wageni, jioni sisi ndio tunakwenda kusalimia. Siku moja tuliyotoka, gari la kukodi likatufia kabla hatujafika ufukweni Msimbati, na mwenye gari akadai hela ya siku nzima. Sikusema kitu mbele yako, ila iliniuma.

Mwezi uliopita niliwapeleka watoto Museum für Naturkunde, makumbusho ya hapa Berlin, kuona mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru. Habari zake nimezisikia tangu shule ya msingi, lakini kusimama chini yake ni jambo jingine. Kimo chake ni mita 13 na ushee. Mdogo alirudi kinyumenyume mpaka ukutani ndipo akakiona kichwa. Dada yake alipoona jina la Lindi akaniuliza, "Lindi ile tunayoipita tukienda kwa bibi?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Nikawaeleza kuwa Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, na waliobeba ile mifupa kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hadi bandarini Lindi, ni watu wa kwetu. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Shuleni jina hilo sikufundishwa, nimelijulia huku. Tulipotoka pale moyo ulikuwa mzito, Mama. Wanangu wanaijua mifupa iliyoondoka kwetu kuliko wanavyoijua pwani yetu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: nyumba yako iwe kituo. Tutoke alfajiri, magharibi turudi tule kwako. Wageni tuwapokee siku tatu za mwanzo, wote, kwa mkeka mmoja. Najua shangazi atanuna, nitamfuata mwenyewe nimwombe radhi.

Mikindani tutaizunguka kwa miguu asubuhi moja: lile Boma la Wajerumani la 1895, vichochoro vya nyumba za mawe, na habari za Livingstone aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho mwaka 1866. Siku nyingine Shangani ya Mtwara, halafu tuvuke kwa pantoni kwenda Msangamkuu. Hizo ni safari za karibu, hazihitaji mipango.

Msimbati ndiyo nimeiweka moyoni. Safari hii gari litafutwe na mjomba mapema, lenye magurudumu ya kuhimili mchanga, na dereva awe mtu anayeijua njia ile. Kiingilio cha hifadhi ya bahari nitalipa mimi. Nataka watoto wacheze wachoke, na kama Mungu akijalia waone nyangumi, maana kuanzia Julai ndio wanapita upande ule. Kusi litakuwa linavuma, kwa hiyo sitawapandisha kwenye mashua ya mtu asiye na maboya ya kuvaa, hata akiniapia.

Tendaguru kwenyewe si safari ya kwenda na kurudi siku moja kutoka kwako. Ni kama kilomita 60 za porini kutoka Lindi mjini. Tutalala Lindi usiku mmoja, tule pweza, asubuhi twende. Mkubwa anasema anataka kusimama pale pale mfupa ulipotoka. Nimemwambia hakuna mjusi tena, ni kilima na vichaka. Akanijibu, "Najua, baba. Nataka kukiona hicho kilima." Kilwa tuiache mpaka tukija tena. Magofu ya Kilwa Kisiwani hayaendewi kwa haraka.

Mwulize mjomba bamvua la Julai linaangukia siku zipi. Siku hizo maji yanakupwa sana kabla ya adhuhuri, na nataka watoto waende na dada kuchokoa pweza, wajionee jinsi anavyochungulia shimo kabla ya kuchoma mkuki. Akinitajia siku, nitapanga mengine yote kuizunguka hiyo.

Na ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, kama ipo, tuwekee. Mdogo bado anakumbuka ulivyomwonyesha kumenya ganda kwa vidole, ukamchovyea kwenye chumvi na pilipili, machozi yakamtoka na bado akanyoosha mkono aongezewe. Kila akimaliza kula huku ananiuliza kwa nini Wajerumani hawauzi.

Nipigie Jumapili baada ya alasiri, nitakuwa nyumbani.

Mwanao